Lugha na Hoja ya Mapambano ya Staarabu: Mfano wa Yugoslavia

Mnamo mwaka wa 1993 Samuel Huntington, mwanazuoni wa siasa wa Marekani, alitoa makala yaliyodai kwamba, baada ya kumalizika kwa ushindani baina ya ubepari na ukomunisti, mapambano makubwa ya dunia yatazuka penye mipaka ya staarabu. Hoja hiyo aliipanua katika kitabu chake cha mwaka wa 1996. Alizihesabu staarabu saba au nane. Ule wa Kiafrika aliutaja kwa shaka, kana kwamba bado haujathibitika. Dharau hiyo yatuhusu, lakini hapa twataka kuipima hoja yenyewe kwa kipimo cha fani yetu, kwani miongoni mwa mambo aliyosema huutambulisha ustaarabu, lugha ni mojawapo.

Mfano alioutegemea sana ni Yugoslavia, ambako Wakroatia Wakatoliki, Waserbia wa madhehebu ya Othodoksi na Waislamu wa Bosnia walipigana tangu 1991 hadi 1995. Kwamba dini zao ni mbalimbali hapana ubishi. Lakini lugha je? Mwaka 1850, mjini Vienna, waandishi wachache wa Kiserbia na Kikroatia walipatana kujenga lugha sanifu moja juu ya msingi wa lahaja ya štokavski. Mapatano ya Novi Sad ya 1954 yalikariri kwamba lugha ni moja, nazo hati zake mbili, ya Kilatini na ya Kisirili, zina haki sawa.

Tofauti zilikuwapo. Mkate ni *kruh* kwa Mkroatia na *hleb* kwa Mserbia; garimoshi ni *vlak* kwa huyu na *voz* kwa yule. Msomaji aliyezoea Kimvita na Kiunguja hatazistaajabia. Wala manung'uniko hayakuanza na vita: mwaka 1967 taasisi za utamaduni za Kroatia zilidai lugha yao itambuliwe kwa jina lake. Kwa hiyo si haki kusema kwamba wanasiasa walizua kila kitu.

Walichofanya ni kuupanua ufa. Katiba ya Kroatia ya 1990 ilitaja Kikroatia peke yake. Kisha maneno ya kigeni yakasakamwa, na *zrakoplov*, neno lililoundwa kwa mizizi ya "hewa" na "kusafiri majini", likapendelewa badala ya *avion*. Mkataba wa Dayton, uliotiwa sahihi Paris Desemba 1995, uliandikwa kwa Kibosnia, Kikroatia, Kiserbia na Kiingereza. Montenegro nayo ilitangaza lugha yake katika katiba ya 2007, na miaka miwili baadaye ikaiongezea herufi mbili. Lugha moja ikawa nne. Hata hivyo, mahakama ya The Hague iliyohukumu makosa ya vita hiyo iliendelea kuzitafsiri tatu za kwanza kwa pamoja, kama lugha moja. Hakuna aliyehitaji mkalimani baina ya mshtakiwa wa Kiserbia na shahidi wa Kikroatia.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo hoja ya Huntington inapolegea. Yeye aliichukua tofauti ya utamaduni kuwa chanzo, na siasa kuwa tokeo lake. Katika lugha hii twaona siasa ikitangulia, na tofauti ikifuata nyuma yake ikiwa na kamusi mkononi. Mwaka 2017 waandishi na wanaisimu wa nchi zote nne walitoa tamko kwamba lugha yao bado ni moja.

Tamko hilo halitoshi kuirudisha hali ya zamani. Katika baadhi ya miji ya Bosnia watoto Wakroatia na watoto Waislamu wamekuwa wakisoma katika jengo moja kwa mitaala miwili, kila kundi likifundishwa "lugha yake". Tofauti iliyotungwa na watu wazima, watoto hao wanaikuta tayari imo vitabuni.