Ungamo na Usanii: Dazai Osamu na "Mimi" wa Riwaya

Watahiniwa wengi wanaposhughulikia riwaya inayosimuliwa katika nafsi ya kwanza humchukua "mimi" wa hadithi kuwa ndiye mwandishi. Aghalabu ni rahisi kuwarekebisha. Kazimoto anajitoa uhai katika Kichwamaji (1974), ilhali Kezilahabi aliyemuumba aliishi hadi mwaka 2020. Lakini itakuwaje mwandishi anapochota waziwazi katika maisha yake mwenyewe, na hata mwisho wake ukawa wa huzuni kama wa wahusika wake? Dazai Osamu wa Ujapani anatupa mfano mgumu wa suala hili, na ndiyo maana anastahili kusomwa kwa makini.

Dazai ni jina la uandishi. Alizaliwa akiitwa Tsushima Shuji, tarehe 19 Juni 1909, huko Kanagi katika eneo la Tsugaru, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu. Ukoo wake ulimiliki mashamba makubwa yaliyolimwa na wakulima wapangaji, na baba yake alikuwa mjumbe wa baraza la juu la Bunge. Utajiri huo ulimwaibisha alipokua. Mwaka 1930 aliingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kusoma fasihi ya Kifaransa lakini hakuhitimu kamwe. Badala yake alijiingiza katika harakati za kikomunisti zilizokuwa zimepigwa marufuku, akajitoa mwaka 1932. Mwishoni mwa 1930 yeye na mhudumu mmoja wa baa walijaribu kufa pamoja karibu na Kamakura. Mwanamke alikufa, yeye akapona. Tukio hilo halikumtoka moyoni, na katika maandishi yake analirudia tena na tena.

Mwaka 1935 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na dawa ya kutuliza maumivu aliyopewa ikamtia katika uraibu. Mwaka huohuo Tuzo ya Akutagawa ilitolewa kwa mara ya kwanza. Dazai alipendekezwa, akaikosa. Kawabata Yasunari, mmoja wa waamuzi, aliyagusia maisha ya mwandishi huyu katika tathmini yake, naye Dazai akamjibu kwa maandishi makali. Yaani hata mhakiki wa kiwango cha Kawabata alishindwa kuitenga kazi na mtu aliyeiandika!

Tusimlaumu Kawabata peke yake. Fasihi ya Ujapani ilikuwa tayari na utanzu uitwao shishosetsu, ambao tunaweza kuuita riwaya ya nafsi. Wahakiki wengi huuanzisha na Futon (1907) ya Tayama Katai, kisa cha mwandishi wa makamo anayemtamani mwanafunzi wake wa kike. Wasomaji walitambua kuwa Katai anajizungumzia, na wengi waliusifu ujasiri wake. Tangu hapo kukawa na mapatano yasiyoandikwa: mwandishi aseme kweli kuhusu aibu zake, na msomaji amsadiki. Dazai aliyarithi mapatano hayo, lakini hakuyaheshimu kama wenzake.

Ushahidi umo katika Ningen Shikkaku, riwaya ya mwaka 1948 ambayo jina lake lamaanisha mtu aliyepoteza sifa za kuwa binadamu. Mhusika mkuu, Oba Yozo, anasimulia maisha yake katika madaftari matatu. Tangu utotoni anawaogopa watu, na silaha yake ya pekee ni kuwachekesha. Shuleni anajiangusha makusudi katika mazoezi ya viungo ili wenzake wacheke. Wote wanacheka, isipokuwa Takeichi, mvulana dhaifu anayedharauliwa na darasa zima, ambaye anamnong'oneza kuwa alifanya kusudi. Tangu hapo Yozo anaishi kwa hofu ya kufichuliwa. Baadaye inafuata pombe, kifo cha mwanamke aliyekusudia kufa pamoja naye, uraibu wa dawa, na kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Dazai naye alilazwa katika hospitali ya namna hiyo mwaka 1936. Kwa orodha hii mtahiniwa ataandika haraka kwamba Yozo ni Dazai.

Asiharakishe. Yozo anafunga madaftari yake akiwa na umri wa miaka 27, mvi zimemjaa kichwani, maisha yamemwishia. Dazai alipokuwa na umri huo alichapisha kitabu chake cha kwanza, Bannen (1936). Mwaka 1939 alimwoa Ishihara Michiko kwa msaada wa mwandishi Ibuse Masuji, akapata watoto, na akaandika kazi zenye matumaini. Miongoni mwazo ni Hashire Merosu (1940), hadithi ya rafiki anayekimbia ili atimize ahadi, ambayo vizazi vya wanafunzi wa Ujapani wameisoma darasani. Miaka hiyo yote haimo katika maisha ya Yozo. Mwandishi aliikata.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Baba yake Dazai alifariki mwaka 1923, mwana akiwa na miaka 13. Baba yake Yozo yu hai karibu hadi mwisho wa riwaya, na kivuli chake kimetanda kila mahali. Katika daftari la kwanza, baba anayejiandaa kwenda Tokyo anawauliza watoto wake zawadi wanazotaka. Yozo hawezi kujibu, na baba anachukia. Usiku mtoto ananyemelea daftari la baba na kuandika humo kinyago cha ngoma ya simba, kitu asichokitaka hata kidogo, kwa kuwa anahisi ndicho baba angependa kununua. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa wenye nguvu kuliko huu katika riwaya nzima. Kilio, kipigo wala tusi havimo. Yumo mtoto anayefuta matakwa yake mwenyewe ili mkubwa afurahi. Kwa kumrefushia baba maisha, Dazai aliipa riwaya yake msuko ambao maisha yenyewe hayakumpa.

Kuhusu ufundi, iliwahi kuaminika kwamba riwaya hii ilimtoka kwa mkupuo kama mtu anayeungama. Mwaka 1998 ikajulikana kuwa rasimu zake zimepatikana, na zilionyesha maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya mara kwa mara.

Hali kadhalika, muundo hauna budi kuzingatiwa. Madaftari ya Yozo yamewekwa kati ya dibaji na tamati za msimulizi mwingine asiye na jina, anayeyapata kupitia kwa mwanamke mwenye baa. Hii ni hadithi ndani ya hadithi. Katika tamati mwanamke huyo, aliyemjua Yozo ana kwa ana, anamlaumu baba na kusema kwamba kijana yule alikuwa mpole na mwema, mfano wa malaika. Kinaya kilioje! Yozo ametumia kurasa zote kujihukumu kuwa si binadamu tena, na neno la mwisho la kitabu linaipinga hukumu yake. Msomaji anayemsadiki msimulizi moja kwa moja hauoni ubishi huu. Kwa kijana anayejidharau mwenyewe kama Yozo, kutouona ni hatari kuliko kupoteza alama.

Dazai alikufa pamoja na mpenzi wake tarehe 13 Juni 1948, katika mfereji wa Tamagawa. Miili ilipatikana tarehe 19, siku ambayo angetimiza miaka 39. Kifo hicho ndicho kilichowafanya wasomaji wengi wayasome madaftari ya Yozo kama barua ya kuaga. Anayetaka kuupima usomaji huo na aanze na Shayo (1947), riwaya aliyoiandika mwaka mmoja kabla. Humo pia kuna "mimi" anayeungama kwa uchungu, lakini anaitwa Kazuko, binti wa ukoo wa kikabaila uliofilisika baada ya vita, na sehemu ya maneno yake ilitokana na shajara ya Ota Shizuko.