Je, Wajua? Kihispania Hufundishwa Mezani

Kijana anayekwenda Uhispania kusoma lugha mara nyingi hupangiwa nyumba ya familia: anapewa chumba, ufunguo, na chakula cha mama mwenye nyumba. Chuoni atafundishwa sarufi. Mengine atayapata nyumbani, hasa wakati wa kula. Yafuatayo ni ya kujua kabla hujafunga begi.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Salamanca, mji unaopokea wanafunzi wa lugha kutoka kila bara, kilianzishwa mwaka 1218? Aliyekianzisha ni Mfalme Alfonso wa Tisa wa León, na ndicho kikongwe kuliko vyote vinavyofundisha hadi leo nchini Uhispania. Antonio de Nebrija, aliyesoma na kufundisha hapo, ndiye aliyetoa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kihispania, mwaka 1492.

Je, wajua kwamba kwenye ukuta wa mbele wa chuo hicho amechongwa chura aliyekaa juu ya fuvu? Wanafunzi husema atakayemwona bila kuonyeshwa atafaulu mitihani. Jirani yake, mlangoni mwa Kanisa Kuu Jipya, kuna mwanaanga wa mawe. Huyo si kazi ya mafundi wa kale. Alichongwa mwaka 1992 wakati wa ukarabati.

Je, wajua kwamba maandishi mekundu yaliyojaa kwenye kuta za chuo hicho ni ya waliotunukiwa shahada ya udaktari? Zamani rangi yake ilichanganywa na damu ya fahali.

Je, wajua kwa nini chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au saa nne? Sababu mojawapo ni saa yenyewe. Mwaka 1940 serikali ya Jenerali Franco ilisogeza saa mbele ili zilingane na za Berlin, na hazijarudishwa hadi leo. Mwezi Juni, Salamanca, jua huzama karibu saa nne usiku. Mgeni aliyezoea kula saa moja jioni na aweke ndizi mkobani.

Je, wajua kwamba sahani zikishakuwa tupu, watu hawaondoki mezani? Kahawa huletwa, na maongezi huendelea nusu saa, pengine saa nzima: siasa, mpira, jirani wa ghorofa ya juu. Kuinuka mara tu baada ya tonge la mwisho ni kama kumkatia mtu simu angali anaongea.

Je, wajua kwamba katika nyumba nyingi za zamani joto la kipupwe hukaa chini ya meza? Meza ni ya duara, imefunikwa kitambaa kizito kinachofika sakafuni, na chini yake kuna hita. Unaingiza miguu, unavuta kitambaa mpaka mapajani, na unatulia. Enzi za mabibi paliwekwa chungu cha makaa. Nje ya kitambaa hicho ni baridi, kwa hiyo nyumba nzima hukusanyika hapo: anayefanya hesabu, anayefuma, na mgeni anayebabaisha vitenzi.

Je, wajua kwamba kutembea peku ndani ya nyumba huwashtua akina mama wengi wa Kihispania? Watakwambia utashikwa na mafua. Nunua ndara siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba kwa wateja walio kwenye bei ya umeme inayodhibitiwa na serikali, bei hiyo hubadilika kila saa? Ndiyo maana mashine ya kufulia huweza kuwashwa usiku au wikendi, ili kukwepa saa za bei ya juu. Nyumba nyingine hupasha maji kwa mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, wa kilo 12.5. Ukioga nusu saa, mtungi ukaisha, atakayekufuata atakutaja kwa jina.

Je, wajua kwamba nguruwe huingia hata pale usipomtarajia? Adesi hupikwa na soseji yake, na biskuti nyingi za Krismasi hukandwa kwa mafuta yake. Mwanafunzi Mwislamu wa Unguja au Mombasa na aseme mapema, kwenye fomu ya kuomba nyumba, wala asingoje mpaka sahani ifike mbele yake.

Je, wajua kwamba Mhispania ana majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la baba kisha la mama, na mwanamke haachi yake akiolewa? Picasso ni jina la upande wa mama. Baba yake mchoraji huyo alikuwa Ruiz.

Je, wajua kwamba usiku wa Desemba 31 kila mmoja hula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele ya saa ya uwanja wa Puerta del Sol, Madrid? Januari 6 hukatwa keki ya mviringo yenye kisanamu na punje ya haragwe vilivyofichwa ndani. Atakayepata haragwe hulipia keki.

Je, wajua kwamba huko Antigua, Guatemala, ambako pia watu huenda kusoma Kihispania, shule nyingi za lugha humpa kila mwanafunzi mwalimu wake peke yake? Familia inayompokea humlisha Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili, kwa kawaida, hujitafutia.

Je, wajua kwamba Afrika nayo inazungumza Kihispania? Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Uhispania Oktoba 12, 1968. Nao watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, kutoka kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, hupelekwa kila kiangazi kukaa na familia za Uhispania. Wengi hurudi kambini wakikizungumza.

Je, wajua kwamba kulala tu kwenye nyumba ya Wahispania hakumfundishi mtu lugha? Mwaka 2004 watafiti Norman Segalowitz na Barbara Freed waliwalinganisha Wamarekani waliosomea Kihispania mjini Alicante, Uhispania, na wenzao waliobaki chuoni kwao. Wa Alicante waliongeza ufasaha zaidi wa kusema. Lakini saa walizokaa na wenyeji hazikuonyesha faida kubwa iliyotarajiwa, na maelezo mojawapo ni kwamba maongezi mengi ya nyumbani yalikuwa mafupi mno. Basi ukiulizwa mezani siku imekwendaje, usijibu "nzuri" ukakimbilia chumbani na simu yako. Simulia, kosea, usahihishwe. Umelipia chumba na chakula. Mazungumzo yamo kwenye bei hiyo hiyo.