Kabla ya kuchora tena, nilijiandikia sheria tatu

Mwaka jana shirika fulani lilinilipa Sh12,000 nichore mtoto maskini kwenye ukuta mtaani kwetu. Walitaka machozi, nguo zilizoraruka na nzi usoni. Nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili, kwa hivyo nikachora. Sura niliyotumia ilikuwa ya mtoto wa jirani.

Kesho yake mamake akapita. Akaangalia, kisha akaniuliza polepole: "Kwani wewe ukimwona mwanangu, huyu ndiye unaona?"

Sikuwa na jibu. Huyo kijana ni mcheshi, tena hakuna anayemshinda kucheza bano. Nzi nilimwekea mimi.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, so sina mwalimu wa kunisahihisha. Ilibidi nijiulize mwenyewe: nachora nini, na kwa faida ya nani?

Wengine walishajiuliza. Ngũgĩ wa Thiong'o alianza kwa kuandika riwaya za Kiingereza. Mwaka 1977, tamthilia ya Gĩkũyũ aliyoandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, iliigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Serikali ikaizima, naye akafungwa Kamiti bila kushtakiwa. Humo ndani akaandika riwaya ya Gĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Msimamo una bei, wasee.

Halafu kuna Wanuri Kahiu, mwelekezi wa Rafiki, filamu iliyopigwa marufuku hapa nchini mwaka 2018 huku ikialikwa Cannes. Yeye anatetea kitu anachokiita Afrobubblegum, sanaa ya Kiafrika yenye raha. Ana kipimo: je, ndani ya kazi hiyo kuna Waafrika wawili au zaidi wenye afya, wanaojimudu kifedha, wasiohitaji kuokolewa, na wanaofurahia maisha?

Nilikipenda, ingawa sikubali chote. Shida zipo, naishi nazo. Nikizificha pia nitakuwa nadanganya. Ndiyo maana nikajiandikia zangu nyuma ya daftari:

1. Sichori mtu kwa namna ambayo siwezi kumwonyesha yeye mwenyewe.

2. Shida nitachora, lakini mwenye shida lazima aonekane akifanya jambo, si kulia tu.

3. Anayelipa achague ukuta na ukubwa. Ukweli hachagui.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu nyingine. Sh18,000, machozi yale yale. Nikakataa. Usiisome hii ukadhani mimi ni shujaa. Wiki hiyo nilikopa unga dukani, na nusura niwapigie tena niwaambie nimebadilisha mawazo.

Lakini mwenye ukuta amenikubalia niupake upya, rangi nitanunua mwenyewe. Kijana ameagiza achorwe akicheza bano, akishinda. Mamake amesema atakuja kukagua kabla rangi haijakauka.

Na wewe unayerap, unayepiga picha ama kushona: sheria zako ni gani? Ziandike kabla simu ya pesa haijalia.