Orodha ndani ya orodha: kubadilisha michango ya chama bila kuharibu namba za watu

Kama wewe ni mweka hazina wa chama, tayari unatumia orodha ndani ya orodha, hata kama hujawahi kuandika programu maishani. Shiti yako ya michango ni orodha ya wanachama. Na kila mwanachama naye ni orodha: jina, namba ya simu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengi wamechoka kubadilisha kisanduku kimoja kimoja, kwa hivyo wanaandika (au wanaandikiwa na kijana wa nyumbani) msimbo mfupi wa JavaScript ndani ya Google Sheets, kupitia Apps Script. Ni jambo zuri, linaokoa jioni nzima. Lakini msimbo huo unashika namba za simu na pesa kwa wakati mmoja, na kosa dogo hapo linaweza kupeleka malipo kwa mtu msiyemjua.

Tuchukue chama cha mfano. Kila mtu anatoa shilingi 500 kwa wiki. Mkutano umeamua kwamba kutoka kwa kila mchango uliolipwa, shilingi 50 ziende kwenye mfuko wa dharura. Zinazobaki ni akiba ya mwanachama, na atatumiwa kwa simu mwisho wa mwaka. Majina ni ya mfano tu, na namba tumezificha:

let michango = [
  ["Akinyi", "07XXXXX678", 500, 500, 0],
  ["Mwende", "07XXXXX345", 500, 300, 500],
  ["Njoroge", "01XXXXX912", 500, 500, 500]
];

Kompyuta inaanza kuhesabu kwa sifuri. Kwa hivyo michango[0] ni mstari mzima wa Akinyi, na michango[0][2] ni mchango wake wa wiki ya kwanza. Mabano ya kwanza yanachagua mtu, mabano ya pili yanachagua kisanduku chake. Ukitaka kupita visanduku vyote unahitaji kitanzi ndani ya kitanzi, ile wengi huita lupu. Fikiria unavyosoma daftari: unaweka kidole kwa jina, unakipeleka kulia wiki baada ya wiki, halafu unashuka kwa jina linalofuata. Kushuka ni kazi ya kitanzi cha nje, kwenda kulia ni kazi ya kitanzi cha ndani.

Wengi wakianza huandika hivi:

for (let mstari of michango) {
  for (let kiasi of mstari) {
    if (kiasi > 0) {
      kiasi = kiasi - 50;
    }
  }
}

Unabonyeza, hakuna kosa linaloonekana, unafungua orodha, hakuna kilichobadilika. 500 bado ni 500. Sababu ni kwamba kiasi si kisanduku chenyewe. Ni kama umesoma 500 kwenye daftari, ukaiandika kwenye kiganja, kisha ukafuta ya kwenye kiganja na kuandika 450. Daftari haina habari. Ukitaka ibadilike, lazima uandike mahali penyewe, kwa kutaja mtu na nafasi yake.

Basi mtu anarekebisha, anatumia michango[i][j], na anaanza vitanzi vyote viwili kwa sifuri kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Sasa kitanzi cha ndani kinapita pia jina na namba ya simu. Kwenye jina hakuna shida: JavaScript ikiulizwa kama "Akinyi" ni zaidi ya sifuri, inajibu hapana na kuendelea. Lakini namba ya simu, hata ukiiweka ndani ya alama za kunukuu, ni tarakimu tupu. JavaScript itaigeuza kuwa hesabu bila kukuuliza, iseme ndiyo, ni zaidi ya sifuri, kisha itoe 50. Namba ya Akinyi iliyoishia 678 sasa inaishia 628. Sifuri ya mbele pia imeanguka, kwa sababu hesabu haina haja nayo. Baadaye mtu anaona tarakimu tisa, anadhani ni ile kawaida ya shiti kula sifuri, anaongeza 254 mbele, na namba inakuwa na tarakimu 12 kamili kama inavyotakiwa. Inaonekana sawa kabisa. Ila ni laini ya mtu mwingine.

Ukimtumia mtu mmoja, una nafasi ya kuangalia jina kabla ya kukamilisha malipo. Lakini kwa malipo ya watu 40 kwa mpigo, tuseme ukweli, nani anasoma majina yote 40?

Dawa yenyewe ni tarakimu moja. Kitanzi cha ndani kianze kwa nafasi ya 2, pale pesa zinapoanzia:

for (let i = 0; i < michango.length; i++) {
  for (let j = 2; j < michango[i].length; j++) {
    if (michango[i][j] > 0) {
      michango[i][j] = michango[i][j] - 50;
    }
  }
}

Ule mstari wa if usiuondoe. Bila huo, ile wiki ambayo Akinyi hakulipa itakuwa -50, na mkutano haukusema hivyo.

Sasa msimbo unafanya kazi, ila una tabia moja mbaya: ukiuendesha mara mbili, unakata mara mbili. Simu imeita, umesahau kama ulibonyeza, unabonyeza tena. 450 inakuwa 400, na hakuna pahali pameandikwa kwamba hapo awali ilikuwa 500. Kwa maoni yetu, orodha ya michango iliyolipwa haifai kuguswa kamwe. Hizo ndizo pesa watu walitoa, na ndizo zitakazolinganishwa na jumbe za malipo siku mwanachama akilalamika. Tengeneza nakala, ukatie huko.

Na hapa pana mtego mwingine, huu ni wa watu wanaojua kidogo zaidi. Wanaandika:

let akiba = [...michango];

Wanakata kwenye akiba, wanarudi kuangalia michango, wanakuta nayo imekatwa! Hii ni kwa sababu nakala hiyo ni ya juu juu. Orodha ya nje ni mpya, lakini mistari iliyo ndani ni ile ile. Ni kama kuchonga ufunguo wa pili wa nyumba: funguo ni mbili, lakini ukihamisha meza ndani, yule mwenye ufunguo wa kwanza ataikuta imehama. Kwa orodha ya kawaida isiyo na orodha nyingine ndani, njia hiyo inatosha. Kwa shiti ya chama haitoshi, unahitaji kunakili pia kila mstari:

let akiba = michango.map(mstari => mstari.slice());

Halafu kwenye kile kitanzi badilisha neno michango liwe akiba kila mahali, na huo mstari wa kunakili ukae juu yake ili nakala itengenezwe upya kila unapoendesha. Hapo hata ukibonyeza mara kumi, jibu ni moja, kwa sababu kila mara unaanza na 500 ile ya kweli. Kuna wanaopenda JSON.parse(JSON.stringify(michango)). Inanakili mpaka ndani, lakini kama shiti yako ina safu ya tarehe, tarehe zitatoka zikiwa maandishi ya kawaida, kwa hivyo sisi tungekaa na map.

Kwenye Google Sheets yenyewe, orodha unaipata kwa getDataRange().getValues(). Inakuja na mstari wa vichwa pia, kwa hivyo i ianze kwa 1 kama juu umeandika "Jina, Namba, Wiki 1". Na ujue kwamba ulichopewa ni nakala ya visanduku. Unaweza kuibadilisha mchana kutwa na shiti isitikisike, hadi utumie setValues. Iandike kwenye shiti tofauti, usiirudishe juu ya michango. Kitu kingine kinachowachanganya watu: getRange huhesabu mistari na safu kuanzia 1, wakati orodha ya JavaScript inaanzia 0.

Kabla ya hayo yote, ipe safu ya namba umbo la maandishi matupu kwenye shiti, ndipo sifuri ya mbele ibaki. Usichuje namba kwa kuangalia "07" pekee, maana kuna wateja wengi wa 01. Na PIN yako haina kazi yoyote ndani ya shiti wala ndani ya msimbo, hata kama kijana anayekuandikia ni wako wa kuzaa.

Ukimaliza, jumlisha kabla ya kutuma. Chama chetu cha mfano kilikusanya 3,800. Michango iliyolipwa ni minane, kwa hivyo mfuko wa dharura unapata 400 na akiba inabaki 3,400. Ukiona akiba ni 3,350, ule mstari wa if haupo na Akinyi ametozwa kwa wiki ambayo hakulipa. Ukiona 3,000, umekata mara mbili. Lakini jumla ya pesa haiwezi kukuonyesha namba ya simu iliyobadilika, kwa hivyo linganisha safu ya namba ya shiti mpya na ya zamani, mstari kwa mstari, ndipo upakie faili.