Mnunuzi wa gemu ya mkononi iliyokarabatiwa asihadaike na kasha

KUNUNUA kifaa cha mkononi cha michezo ya video ambacho kimekwishatumika na kukarabatiwa kunaweza kumpunguzia mzazi gharama kubwa. Kunaweza pia kumwachia kasha linalong'aa ambalo betri yake imechoka, chaja yake haifai kwa umeme wa nyumbani na duka lake la michezo limefungwa.

Hatari hiyo ipo kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu ni vya matoleo ambayo watengenezaji wake wamekwishaacha kuyazalisha. Kampuni ya Sony ya Japan iliacha kutengeneza PlayStation Portable, maarufu kwa jina la PSP, mwaka 2014, na mrithi wake, PlayStation Vita, mwaka 2019. Nintendo nayo ilisitisha utengenezaji wa Nintendo 3DS mwaka 2020. Anayetaka mojawapo ya vifaa hivyo leo hana budi kwenda kwenye soko la mitumba.

Nintendo Switch, iliyoingia sokoni Machi 3, 2017, nayo imepata mrithi. Switch 2 ilizinduliwa Juni 5, 2025, na kama ilivyo kawaida katika biashara hii, baadhi ya wanaohamia kwenye toleo jipya huuza la zamani.

Maana tatu za neno moja

Tatizo la kwanza linatokana na neno lenyewe. Kifaa 'kilichokarabatiwa' kinaweza kuwa kimepitia mikono ya aina tatu tofauti, na thamani yake hutegemea ni ipi kati ya hizo.

Aina ya kwanza ni ukarabati unaofanywa na mtengenezaji mwenyewe. Nchini Marekani, Nintendo imekuwa ikiuza vifaa vya namna hiyo katika duka lake la mtandaoni, vikiwa na udhamini wa miezi 12, huku ikimweleza mnunuzi mapema kwamba huenda akakuta mikwaruzo midogo. Kwa maneno mengine, mtengenezaji hudhamini utendaji wa kifaa, si uzuri wa sura yake.

Aina ya pili ni ile ya mfanyabiashara au fundi anayefungua kifaa, akakisafisha, akabadilisha sehemu zilizoharibika na kukijaribu kabla ya kukiuza. Ubora wa kazi hiyo hutegemea uaminifu na ujuzi wa fundi husika.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo ya kuhofiwa, ni ya kubadilisha kasha peke yake. Makasha mapya ya Nintendo DS Lite, 3DS na PSP huuzwa kando kwa bei ndogo, nayo hayatoki kwa watengenezaji wa vifaa hivyo. Kifaa kilichoingia maji au kuanguka mara nyingi kinaweza kuvikwa kasha jipya na kuonekana kana kwamba kimetoka kiwandani jana, ilhali ubao wake wa ndani umeanza kushika kutu.

Japan, ambako vifaa hivi vilizaliwa, soko la mitumba lina tabia ya kusema ukweli kuhusu jambo hilo. Maduka ya mtandao wa Hard Off, kwa mfano, hutenga sehemu ya bidhaa zinazoitwa 'janku', yaani zinazouzwa kama zilivyo, bila udhamini. Lakini lebo hiyo haifungwi kwa mnyororo. Bidhaa ikipita mikono miwili au mitatu na kuvuka bahari, inaweza kumfikia mnunuzi wa mwisho ikiwa na jina jingine kabisa.

Ishara za kuangalia ni skrubu ambazo vichwa vyake vimechubuka, mapengo kati ya vipande vya kasha, na rangi ya vitufe isiyofanana. Kwa Nintendo Switch upo uhakiki bora zaidi: namba ya utambulisho iliyobandikwa nje inapaswa kuwa sawa na ile inayoonekana katika mipangilio ya kifaa kinapowashwa. Zikitofautiana, muuzaji ana jambo la kueleza.

Umri wa betri

Betri za lithiamu huzeeka hata kama mwenye nazo ni mwangalifu. Kwa mujibu wa Nintendo, betri ya Switch hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Kifaa kinachochajiwa kila siku hufika hapo katika muda wa miaka miwili na miezi michache.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa toleo la kwanza la Switch, ambalo lilipokuwa jipya lilidumu na chaji kwa kati ya saa 2.5 na 6.5, kutegemea mchezo. Toleo lililoboreshwa, lililotoka mwaka 2019, hudumu kati ya saa 4.5 na 9. Kwa macho, matoleo hayo mawili yanafanana, lakini namba ya modeli iliyo mgongoni huyatofautisha: la kwanza huandikwa HAC-001, na lililoboreshwa huandikwa HAC-001(-01). Wote wawili wakiuzwa kwa bei moja, mwenye kusoma namba hiyo ndiye atakayepata faida.

Kwa PSP, hatari si chaji kuisha mapema tu. Betri zake nyingi za zamani zimevimba kutokana na gesi inayojikusanya ndani, kiasi cha kusukuma kifuniko cha nyuma. Betri ya namna hiyo haipaswi kubonyezwa, kutobolewa wala kuchajiwa, kwa kuwa inaweza kushika moto. Kifuniko kisichofunga vizuri ni sababu tosha ya kumwomba muuzaji afungue na kuionyesha.

Aidha, betri mbadala si lazima ziwe na uwezo ulioandikwa juu yake. Betri halisi ya PSP ya kwanza ilikuwa na uwezo wa 1,800 mAh, na ile nyembamba ya matoleo ya PSP-2000 na PSP-3000 ilikuwa na 1,200 mAh. Betri ya umbo lilelile iliyoandikwa mara mbili au tatu ya kiwango hicho inapaswa kutiliwa shaka.

Chaja na umeme wa nyumbani

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na Kenya ni wa volti 240. Marekani hutumia volti 120 na Japan volti 100. Tofauti hiyo ndiyo huunguza chaja siku ya kwanza.

Chaja ya Nintendo DS au 3DS iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa volti 120 peke yake. Kuichomeka katika soketi ya Dar es Salaam au Nairobi kwa kutumia adapta ya plagi hakusaidii, kwa sababu adapta hiyo hubadilisha umbo la miguu ya plagi na haipunguzi nguvu ya umeme. Chaja inayofaa ni ile yenye maandishi 100-240V. Chaja halisi za PSP na Switch zina kiwango hicho, hivyo kinachohitajika kwao ni kubadilisha umbo la plagi tu.

Kufuli za eneo

Baadhi ya vifaa vimewekewa kufuli na mtengenezaji ili vikubali michezo ya eneo moja tu la dunia. Nintendo 3DS ni mfano ulio wazi. Kifaa kilichouzwa Japan hukataa kadi ya mchezo ya 3DS iliyonunuliwa Marekani au Ulaya, na maandishi yake yote ya menyu ni ya Kijapani, bila nafasi ya kuchagua Kiingereza. Mtoto anaweza kupewa zawadi asiyoweza kuisoma.

Nintendo DS na DS Lite zilizotangulia hazina tatizo hilo kwa kadi za michezo. Michezo ya PSP nayo haikufungwa kwa eneo, ingawa filamu zilizouzwa katika diski zake ndogo za UMD zilifungwa. PlayStation Vita na Nintendo Switch pia hukubali kadi za michezo kutoka popote.

Hata hivyo, tatizo hilo halijakwisha. Switch 2 ilipoingia sokoni mwaka 2025, Japan ilipata toleo la bei nafuu zaidi lenye lugha ya Kijapani pekee, linalokubali akaunti za Nintendo zilizosajiliwa kwa eneo la Japan tu. Toleo hilo likianza kuingia kwenye soko la mitumba, unafuu wa bei yake utakuwa na sababu.

Maduka yaliyofungwa

Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisiwe na njia ya kupata michezo mipya. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS lilifunga mauzo yake Machi 27, 2023, na huduma za kuchezea kupitia intaneti zilizimwa Aprili 2024. Sony ilisitisha mauzo ya duka la PSP Julai 2021. Mwaka huohuo ilitangaza kulifunga pia duka la Vita, kisha ikabadili uamuzi baada ya malalamiko ya wachezaji.

Maana yake kwa mnunuzi wa 3DS ni kwamba kilichobaki ni kadi za michezo, nazo ni za mitumba vilevile. Kabla ya kukubaliana bei ya kifaa, ni busara kujua kadi zipi zinapatikana na kwa kiasi gani.

Pengo hilo ndilo hufanya ahadi ya "michezo mia mbili imo ndani" ivutie. Kwa kawaida michezo hiyo imenakiliwa bila idhini, na programu ya kifaa imechakachuliwa ili iikubali. Kwa upande wa Switch, Nintendo huvifungia vifaa vya namna hiyo visiweze kutumia huduma zake za intaneti. Adhabu hiyo hufuata mashine, wala haimfuati mtu aliyefanya kosa. Aliyenunua bila kujua hukutana na msimbo 2124-4007 anapojaribu kuingia kwenye huduma hizo, na hawezi kuliingia duka la mtandaoni.

Akaunti ya mmiliki wa awali ni suala jingine. Michezo iliyonunuliwa mtandaoni ni mali ya akaunti hiyo, na itatoweka pindi akaunti itakapoondolewa. Muuzaji anapaswa kuiondoa mbele ya mnunuzi, kufuta namba ya siri ya udhibiti wa wazazi na kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani.

Dakika kumi kabla ya kulipa

Kasoro nyingi hujitokeza kifaa kikiwashwa na kutumiwa kwa dakika kumi mbele ya muuzaji, kikiwa na kadi ya mchezo ndani. Ukurasa mweupe kwenye skrini hufichua madoa na umanjano, na mweusi hufichua nukta zinazobaki zikiwaka. Kila kitufe kinapaswa kubonyezwa, hasa vile vya mabegani, ambavyo hutumika sana na husahaulika wakati wa ukaguzi.

Vijiti vya kuongozea vinahitaji uangalizi wa pekee. Malalamiko kuhusu vijiti vya Switch vinavyomsogeza mchezaji bila kuguswa yalienea kiasi kwamba Rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja Juni 2020. Sehemu ya mipangilio ina ukurasa wa kuvipima. Kasoro hiyo ni nzito zaidi kwa Switch Lite, kwa kuwa vidhibiti vyake havichomoki, hivyo kuirekebisha hulazimu kukifungua kifaa chenyewe.

Kwa DS Lite, bawaba ndiyo hupasuka kwanza. Kwa 3DS, skrini ya kugusa ijaribiwe kwenye pembe zote nne. Kwa kifaa chochote, waya wa chaja usilegee, spika zisikike pande zote mbili, intaneti ishike, na kadi ya kumbukumbu isomwe.

Kadi ya kumbukumbu yenyewe ina gharama. PlayStation Vita hutumia kadi za aina yake pekee, ambazo haziingiliani na zile za simu, na zinazidi kuwa adimu. Bei halisi ya kifaa, kwa hiyo, ni ile inayotajwa na muuzaji pamoja na chaja, betri, kadi ya kumbukumbu na angalau mchezo mmoja. Wengi hugundua baada ya kujumlisha kwamba tofauti na kifaa cha toleo jipya zaidi si kubwa kama walivyodhani.

Risiti yenye maelezo

Sheria haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na taarifa anazohitaji. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza udanganyifu katika biashara na inayosimamiwa na Tume ya Ushindani.

Lakini haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuidai. Risiti inapaswa kutaja modeli, namba ya utambulisho ya kifaa, sehemu zilizobadilishwa, muda wa udhamini, na kama udhamini huo unahusu betri. Fundi aliyefanya kazi yake kwa uaminifu hapotezi chochote kwa kuandika maneno hayo. Anayekataa kuyaandika amempa mnunuzi jibu mapema, wakati fedha zingali mfukoni.