Jengo la Mgeta Mbele ya Kipimo cha Nishati

Cheti cha jengo la kijani hakitolewi kwa sababu ya bustani nzuri au paneli za sola juu ya bati. Mifumo mikubwa ya vyeti huweka kwanza kiwango cha chini cha ufanisi wa nishati, na jengo lisilokifikia hukosa cheti hata likifanya vizuri katika mengine yote. EDGE, mfumo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, unataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni inayotolewa katika kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi.

Asilimia hizo hupimwa dhidi ya jengo la kulinganishia, yaani jengo la kufikirika la aina ileile, mahali palepale, lililojengwa kwa desturi ya eneo. Tuseme jengo hilo lingetumia yuniti 10,000 za umeme kwa mwaka. Jengo linaloomba cheti lisivuke 8,000.

Kwa hiyo mahali ndipo panapoamua mengi. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko umeme huishia kwenye feni na viyoyozi. Nyandira, katika tarafa ya Mgeta kwenye milima ya mkoa huo wa Morogoro, iko juu ya mita 1,500, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 za kupanda. Anayejenga hosteli huko hapati akiba kwa kununua kiyoyozi bora, kwa kuwa hakihitajiki. Akiba yake iko kwenye dari chini ya bati, kwenye kuziba mwanya kati ya ukuta na paa unaopitisha baridi ya Juni na Julai, kwenye madirisha yanayopokea jua la asubuhi, na kwenye maji ya kuoga yanayopashwa kwa jua.

Sharti la vifaa ndilo linaloigusa Mgeta kwa kina zaidi. Tofali la kuchoma hupikwa kwa kuni kwa siku kadhaa tanurini, na moto wote huo huhesabiwa kabla taa ya kwanza haijawashwa. Kuni hizo hukatwa katika milima ambayo mito yake humwaga maji Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Ni njia bora, na inastahili kutumika zaidi milimani.

LEED, mfumo wa Marekani, ni mkali kwa namna nyingine. Katika toleo lake la nne, jengo jipya lilitakiwa kupunguza gharama ya nishati kwa angalau asilimia 5 likilinganishwa na jengo la kulinganishia, na umeme wa sola haukuingizwa katika hesabu hiyo. Sola haifichi udhaifu wa kuta na paa.

Hesabu hizi hufanyika ramani ikiwa bado karatasini, na programu ya EDGE hutumika bure mtandaoni. Anayekusudia kujenga shule, zahanati au hosteli Mgeta na amtake msanifu wake aipige hesabu hiyo kabla msingi haujachimbwa, maana dirisha lililokosewa upande ni ghali kulihamisha.