Lebo ya "Made in" hujibu swali lipi?

Reli haijafika Meru. Iliishia Nanyuki, upande wa pili wa mlima, kwa hiyo watoto wengi wa Imenti hulijua gari moshi kwanza kama kichezeo cha plastiki kilichonunuliwa Makutano. Ligeuze boksi lake. Mbele kuna bendera ya nchi ya Ulaya na jina lenye mlio wa Kijerumani. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kutafutiwa miwani, pameandikwa "Made in China". Kila neno ni kweli, na bado mzazi ameondoka dukani akiamini jambo lisilo kweli.

Hata wanaokusanya vigari moshi vya bei ghali, vile vinavyofanana na vya kweli hadi kwenye misumari, wanaujua mtego huu. Hornby ni jina la Kiingereza, lakini miaka ya 1990 kampuni hiyo ilihamishia utengenezaji wake China kutoka Margate. Märklin ni ya Göppingen, Ujerumani, na ina kiwanda pia Győr, Hungaria. Kuundwa China hakuna aibu yoyote. Kazi ya mafundi wa huko ni safi. Kosa huanza boksi linapotaja kwa fahari mahali mchoro ulipobuniwa, kisha likapanyamazia mahali kitu chenyewe kilipoundwa.

Magari moshi makubwa yalikuwa na adabu zaidi. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi kuna injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai. Imebeba jina la mlima wa Tanzania, ilifanya kazi Kenya, na iliundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock. Desturi ya waundaji hao ilikuwa kupigilia ubavuni bamba la chuma lenye jina la kiwanda, mji na mwaka. Jina la mlima lilikaa mahali pake, la kiwanda mahali pake.

Sheria za asili ya bidhaa zilizaliwa na ugomvi wa visu. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, baada ya mafundi wa Sheffield kulalamika kwamba visu vya Ujerumani vinauzwa kana kwamba ni vyao. Maneno "Made in Germany" yalikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi. Baada ya muda yakawa sifa, na Wajerumani wakayashikilia wenyewe. Kwetu Kenya, Sheria ya Maelezo ya Biashara, Sura ya 505, inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa, na mahali ilipotengenezwa ni sehemu ya maelezo hayo.

Kabla ya kufika kwenye chakula, niondoe imani moja iliyoenea sana. Watu huangalia ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya keshia, wakiona inaanza na 616 wanasema, "Hii ni ya Kenya." Namba 616 inaonyesha tu kwamba aliyeomba msimbo huo aliuombea Kenya. Anaweza kuagiza sabuni kutoka nchi yoyote, akaifunga kwa karatasi yake, na 616 ikabaki pale pale. Soma maandishi, achana na mistari.

Sasa twende sokoni Embu, penye mchele. Pishori ya Mwea, inayonyweshwa na maji ya mito Nyamindi na Thiba, huuzwa ghali kuliko mchele wa kutoka nje, na tofauti hiyo ya bei ndiyo chanzo cha ulaghai. Mchele wa nje humwagwa kwenye gunia lililoandikwa Mwea, au huchanganywa na pishori kidogo ili sufuria inukie. Ukinunua kwa gorogoro kutoka gunia lililo wazi, lebo huna kabisa. Una neno la muuzaji tu. Hapo wengine hutetea kwa hoja ya ujanja: pishori yenyewe si mbegu ya kigeni? Ni kweli. Aina kuu inayoitwa pishori ni Basmati 370, iliyotolewa na watafiti wa Punjab mwaka 1933, kabla ya India na Pakistan kugawanyika. Lakini asili ya zao, kisheria, ni shamba lilikovunwa. Ukoo wa mbegu hauhesabiwi. Basmati 370 iliyovunwa Mwea ni mchele wa Kenya, na binamu yake aliyeshuka melini Mombasa ni wa Pakistan hata akivaa gunia la Mwea.

Chai ni ngumu zaidi. Gunia la karatasi linapotoka kiwanda cha Githongo au Michimikuru, ubavuni limeandikwa jina la kiwanda, daraja, tuseme PF1 au BP1, namba ya shehena na uzito. Ni lebo bora kuliko ya duka lolote. Kisha linafika mnadani Mombasa, ambako huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine. Mnunuzi huchanganya magunia ili ladha yake isibadilike mwaka hadi mwaka, na hapo jina la Githongo hufutika. Paketi inayofika mezani London hubeba jina la mpakiaji.

Je, kuchanganya kunabadilisha asili? Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kuhusu lebo husema nchi ya usindikaji huwa nchi ya asili pale tu usindikaji unapobadilisha hali ya chakula chenyewe. Kuchanganya na kupakia hakubadilishi jani. Chai ya Meru iliyopakiwa Uingereza haijawa ya Uingereza. Ila sheria ya lebo ya Umoja wa Ulaya, kwa vyakula vingi, hudai nchi ya asili itajwe pale tu kuificha kunapoweza kumpotosha mlaji, na kwa mwanya huo paketi nyingi hukaa kimya.

Kwa asali wamekwenda mbali zaidi. Zamani mtungi uliweza kuandikwa kwamba ni mchanganyiko wa asali ya Ulaya na ya nje, basi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulibadilisha kanuni: kila nchi itajwe, pamoja na asilimia yake. Sioni kwa nini chai isifuate njia hiyo, kwa sababu mchanganyaji anajua ratili kwa ratili kilichoingia. Asingejua, asingeweza kuirudia ladha. Tukidai hivyo kwa wanunuzi wetu, kanuni hiyo itufunge na sisi: mpakiaji wa Mombasa aliyetia majani ya Rwanda na Uganda ndani ya paketi, kisha akaandika "Product of Kenya" peke yake, naye alipaswa kutaja nchi zote tatu.